Sinema: Namna ya Kutafuta Kosa la Picha

Wasomaji wetu, wengi wenu mmepata kuona sinema ikionyeshwa uwanjani usiku, na bila shaka mmesikia pia watu wakinung'unika picha inapokuwa na giza au ukungu. Leo twataka kueleza namna ya kutafuta makosa hayo, ili mwalimu au mzee aliyekabidhiwa mashine ya filamu asiharibu chombo kwa kubahatisha.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Tangu mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu za mafundisho, kama ile ya safura na ile ya kuweka akiba Posta, kisha wakazunguka nazo kwa lori. Filamu zao zilikuwa za upana wa milimita 16, na mashine za upana huo zilitumika miaka mingi baadaye. Filamu za namna hiyo zilizosalia leo ni chache, na iliyokwaruzwa haiponi. Kwa hiyo yatupasa kulijua kosa kwanza, ndipo tushike chombo.

Neno hili tulijifunza kwa hasara. Jioni moja tulikuwa Chekereni, katika tambarare ya mpunga chini ya Moshi. Mashine ilikuwa imetoka Marangu penye baridi saa hiyo hiyo, nasi tukaifungua mara moja. Picha ikatoka ukungu mtupu. Mwenzetu akazungusha lenzi, akalegeza skrubu, akasogeza taa, wala ukungu haukuondoka. Kumbe hewa yenye joto na unyevu ilikuwa imegusa kioo baridi ikawa umande. Baada ya nusu saa umande ulikauka wenyewe, lakini taa iliyosogezwa ilitupotezea saa nzima kuirudisha mahali pake. Basi, mashine ikitoka baridini, iacheni sandukuni kwanza ipate joto la mahali.

Sasa tuyatazame makosa moja moja.

Kwanza, ukungu. Picha yote ikiwa na ukungu, zungusheni lenzi polepole mpaka iwe wazi. Isipokuwa wazi, zimeni mashine na kuifuta lenzi kwa kitambaa laini kilicho safi, si kwa kidole wala upindo wa shati. Ikiwa upande mmoja ni wazi na wa pili una ukungu, huenda mashine haikuelekea sawasawa kwenye nguo nyeupe. Picha ikiwa pana juu na nyembamba chini, mashine imeinamishwa kutazama juu mno, inueni meza.

Pili, madoa. Doa linalopita mara moja likatoweka limo katika filamu yenyewe. Unywele unaotetemeka pembeni mwa picha bila kuondoka umo katika kidirisha ambamo filamu hupita mbele ya mwanga. Doa kubwa kama kivuli, lisilosogea, huwa juu ya vioo. Mkiona unywele au vumbi kidirishani, simamisheni mashine, zimeni taa, toeni filamu, kisha safisheni kwa brashi laini. Msitumie kisu wala waya, kwa maana mkwaruzo mmoja wa chuma utachora mstari katika kila filamu itakayopita hapo.

Tatu, kuruka. Filamu haipiti kidirishani mfululizo kama maji. Huvutwa picha moja, ikatulia, ikavutwa nyingine. Kwa sababu hiyo huachwa kitanzi kilicholegea juu ya kidirisha na kingine chini yake. Kitanzi kikipotea, picha huruka, na meno ya mashine huweza kupasua matundu ya filamu. Simamisheni upesi, mkaviweke vitanzi upya. Kama vipo sawa, kagueni matundu na usafi wa kidirisha.

Nne, mikia ya mwanga. Herufi nyeupe zikiwa na mikia kwenda juu au chini, bapa linalozunguka na kuziba mwanga wakati filamu inaposogea limepotewa na majira yake. Kosa hili mpelekeeni fundi, msilijaribu wenyewe.

Tano, giza. Tazameni kama kioo cha taa kimekuwa cheusi, kama vioo vina vumbi, na kama umeme una nguvu ya kutosha. Tena pimeni ukubwa wa picha. Picha ya upana wa futi 4 ikikuzwa kuwa futi 8, mwanga ule ule huenea mahali mara nne, na kila sehemu hupata robo tu. Watu wakilalamika giza, sogezeni mashine karibu na nguo kabla ya kuilaumu taa.

Mwisho, shikeni mambo matatu. Safisheni kidirisha kabla ya kila filamu. Badilisheni kitu kimoja tu, kisha mtazame picha kabla ya kugusa kingine. Na filamu ikikwama, msiivute kwa nguvu. Ni afadhali watu wangoje robo saa gizani kuliko watoto wao kukosa filamu ile siku zote.