Maumivu ya miguu unapotembea si lazima yawe ya uzee

Watu wengi wa makamo wakiumwa na miguu husema ni baridi, uchovu au uzee. Hununua dawa ya kuchua na vidonge vya kutuliza maumivu, kisha huvumilia. Lakini kuna maumivu ya miguu ambayo hayatokani na mifupa wala viungo, bali na mishipa inayopeleka damu miguuni. Yakipuuzwa, mtu anaweza kukatwa mguu au kupoteza maisha.

Ugonjwa huu ni nini?

Damu hutoka moyoni kupitia mishipa iitwayo ateri. Miaka inavyosonga, mafuta hujibandika ndani ya mishipa hiyo na kugeuka ganda gumu, njia ikawa nyembamba kama bomba la maji lililoziba kwa kutu. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita huitosha misuli. Anapotembea, misuli huhitaji damu zaidi na haiipati. Hapo ndipo maumivu huanza.

Chukua mfano wa mtu anayefanya kazi katikati ya jiji la Nairobi na kurudi Kawangware kwa miguu. Kwenye Kenyatta Avenue hana shida. Akianza kupanda mlima wa Valley Road, shavu la mguu linambana kama lililofungwa kamba. Akisimama dakika chache, maumivu huisha. Akiendelea, hurudi baada ya umbali ule ule. Hiyo ndiyo alama kuu, kwani maumivu ya baridi yabisi hukaa kwenye kiungo na hayaishi upesi hivyo kwa kusimama tu.

Dalili nyingine ni mguu mmoja kuwa baridi kuliko mwenzake, ngozi kung'aa, nywele za mguuni kupukutika na kidonda cha kidoleni kisichopona. Wengine huumwa na wayo usiku na hupata nafuu wanapouning'iniza mguu kando ya kitanda. Hao wasingoje; wamwone daktari mara moja.

Ni nani aliye hatarini?

Wa kwanza ni wavutaji sigara na wagonjwa wa kisukari. Wengine ni wenye shinikizo la damu, wenye mafuta mengi katika damu na waliopita miaka 50. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la damu.

Kumbuka pia kwamba mishipa haizibi miguuni peke yake. Ikiwa ya mguu imeziba, huenda ya moyo na ya ubongo nayo inaziba. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hii hufa kwa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Uchunguzi na matibabu

Daktari hupapasa mapigo ya damu upande wa juu wa wayo na kwenye kifundo cha mguu. Kisha hupima shinikizo la damu la kifundo na kulilinganisha na la mkono. La kifundo likigawanywa kwa la mkono, jibu likawa chini ya 0.90, mishipa imekuwa myembamba.

Tiba ya kwanza ni kuacha sigara kabisa, si kupunguza. Ya pili ni kutembea. Tafuta mahali tambarare, utembee mpaka maumivu yawe makali kiasi, upumzike yaishe, kisha uendelee. Fanya hivyo kwa dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi. Mwenye kidonda au anayeumwa hata akiwa amepumzika aonwe na daktari kwanza. Daktari pia hutoa dawa za kuzuia damu kuganda, kupunguza mafuta, na kudhibiti shinikizo na kisukari. Usijinunulie mwenyewe dukani. Wachache huhitaji kuzibuliwa mshipa au kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa kama Kenyatta.

Tunza miguu yako

Angalia nyayo na katikati ya vidole kila siku. Usitembee pekupeku. Ukinunua viatu vya mitumba, vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, wala usichukue vinavyobana. Katika baridi ya Julai, usiote miguu kwenye jiko la makaa wala kuitia katika maji moto. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Vaa soksi.

Mguu ukiuma ghafla, ukapauka, ukawa baridi na kufa ganzi, mpeleke mgonjwa hospitalini papo hapo. Baada ya saa 6 hivi, misuli huanza kufa na huenda mguu usiokolewe. Asilale akitumaini kwamba asubuhi atakuwa na nafuu.