Pikipiki yanitesa masikio, mke ataka niiuze

Shangazi, nina miaka 31, naishi Nakuru. Tangu utotoni masikio yangu hayastahimili kelele, lakini pikipiki naipenda mno. Kila Jumapili huenda na wenzangu hadi Naivasha na kurudi. Nikifika nyumbani masikio yanavuma hadi Jumatatu, na siku hizi hata sufuria ikianguka jikoni naumia. Nimeanza kujiziba kwa pamba kutwa, barabarani na nyumbani. Mke wangu anataka niiuze pikipiki. Nifanyeje?

Mwanangu, kabla ya pikipiki, tupa hiyo pamba. Barabarani haizuii kelele ya maana, na nyumbani inakuzidishia maradhi. Masikio yakizibwa kutwa, ubongo huanza kuzikuza hata sauti ndogo, ndiyo maana sufuria inazidi kukuumiza. Nyumbani yaache wazi. Redio ya sauti ya chini, mazungumzo, watoto wakicheza: hivyo havikudhuru, vizoee polepole.

Barabarani ni kinyume chake. Wengi huilaumu injini, ilhali ukishapita kilomita 65 hivi kwa saa, upepo unaoipiga helmeti huushinda mlio wa injini. Ukikaribia 100, kelele ndani ya helmeti yaweza kupita desibeli 95. Helmeti hulinda kichwa, masikio haiyalindi. Wataalamu wa afya kazini huhesabu hivi: desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua kwa nusu. Kwenye 94 una saa moja tu. Kufika Naivasha pekee kunakaribia kuimaliza, na bado hujarudi.

Nunua vizibo vya sponji, si ghali. Kila kimoja kivingirishe kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie hadi kifure. Kikichungulia nje sana, kitoe uanze upya. Honi bado utaisikia. Na kama kuna mwenzenu aliyeng'oa sailensa, mwambie airudishe, anawaumiza nyote.

Huo mvumo wa hadi Jumatatu usiuzoee. Ndani ya sikio mna chembe laini mno za kupokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo Jumapili hii usiende. Muone kwanza daktari wa masikio, pua na koo, akupime usikivu. Na siku yoyote sikio moja likizimika ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mke wako ana haki ya kuogopa. Nenda naye kwa daktari, ayasikie majibu mwenyewe. Usikivu ukiwa mzima, endelea na pikipiki yako, vizibo masikioni kila safari. Vipimo vijavyo vikionyesha unashuka hata ukivaa vizibo, hapo iuze, mwanangu.