Gari Likichemsha, Simama

Wadogo zangu, msimu wa kwenda nyumbani umekaribia, na najua wengi wenu mtashika usukani wenyewe kutoka Dar hadi Iringa, Njombe au Mbeya, watoto wakiwa nyuma. Leo tuongee jambo moja tu, gari kuchemsha, maana hasara yake si ya kulinganisha na pancha.

Tuanzie kwenye dashibodi. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoendesha hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inazima. Joto likizidi inawaka nyekundu, na ikishawaka hivyo ujue mambo yameshaharibika. Simama.

Hapo ndipo wengi wanapoponzwa: "Ngoja nifike pale kwenye vibanda." Hofu hiyo naielewa sana. Uko peke yako, giza linaingia, pori huku na huku. Lakini ukilazimisha kilomita chache tu unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe ikapinda, na hapo bei inayozungumzwa ni ya injini. Kama huna budi kusogea hatua chache utoke barabarani, zima AC na uwashe hita hadi mwisho. Mtatoka jasho, ila hita inapunguza joto la injini.

Ukishasimama, washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na kama kuna kona iwekwe kabla ya kona. Watoto wakae mbali na lami, wasisimame nyuma ya gari kamwe. Isipokuwa Mikumi! Pale barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Bakini ndani ya gari, mpige 112 au msimamishe dereva anayepita.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyomo yana presha, ukifungua yanakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, ufungue kwa kitambaa kizito, taratibu. Usimwagie maji baridi injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Mlima Kitonga, kwenye njia hiyohiyo ya Iringa, unahitaji akili ya mapema. Unapanda nyuma ya lori lililojaa, mwendo ni mdogo, upepo hauingii kwenye rejeta, kazi yote imeachiwa feni. Zima AC kabla hujaanza kupanda, na uache nafasi kati yako na lori.

Ikibidi kuvutwa, gari la otomatiki lisivutwe kwa kamba safari ndefu, giaboksi itakufa. Tafuta gari la kubeba.

Na kabla ya safari, wiki nzima, fungua boneti asubuhi injini ikiwa baridi. Tazama maji kwenye tangi la akiba, yawe kati ya alama mbili. Kisha chomoa kijiti cha oili: ukikuta oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia, safari ahirisha. Maji yakipungua kila siku, kuna mahali yanavuja, na kuongeza ya bomba hakutibu kitu, kunaleta kutu tu. Weka kulanti.

Fundi akikwambia aitoe themostati "maana huku kwetu ni joto", mkatalie kwa heshima. Mwambie akuonyeshe kwanza maji yanapotelea wapi.