Asiyeahidi Hadaiwi

Mtu akipangisha nyumba, hati hutaja haki za mpangaji na wajibu wake pia. Lakini mikataba mingi ya mataifa ya kulinda mali ya wawekezaji wa kigeni hutaja haki zao tu. Serikali huahidi mengi. Mwekezaji haahidi neno.

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kazi ya kugawa maji mjini kwa miaka 10. Mwezi Mei 2005 Serikali iliuvunja mkataba, ikisema kazi haikutimizwa. Biwater Gauff, yenye hisa nyingi katika kampuni hiyo, iliishitaki Tanzania katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ikitegemea mapatano ya Uingereza na Tanzania ya mwaka 1994. Mashirika 5 ya raia yaliruhusiwa kuleta maandishi, yakatetea haki ya watu kupata maji. Hukumu ya 2008 ilisema Tanzania imevunja mapatano, ila haikuagizwa kulipa fidia.

Nani alikuwa mdai? Mwekezaji. Mama mwenye ndoo tupu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Yawezekana kuandika vingine. Mapatano ya Moroko na Nigeria, yaliyotiwa sahihi mwaka 2016, yanamtaka mwekezaji naye aheshimu haki za binadamu.

Ahadi ni deni, lakini asiyeahidi hadaiwi. Basi tuwaulize wajumbe wetu kabla ya sahihi kutiwa: wajibu wa mgeni umeandikwa wapi?