Mshale na Njia: Mwanafunzi Hujifunza Lile Analolitenda

Katika masomo ya mbinu za kufundishia, mwanachuo huagizwa kuandika madhumuni ya somo kabla hajaingia darasani. Agizo hili ni jema, wala hatuna nia ya kulipinga. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba madhumuni yaliyoandikwa katika andalio la somo ni kauli ya mwalimu peke yake. Hayatuelezi bado mtoto atafanya nini kwa akili yake katika dakika 40 za kipindi. Baina ya kile mwalimu anachokusudia na kile mtoto anachokitenda mna mwanya, na masomo mengi yaliyoandaliwa vizuri hupotelea humo.

Katika makala haya tutautazama mwanya huo kwa msaada wa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, yaani mambo yaliyowapata wachezaji wa michezo ya kompyuta. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mchezaji hashurutishwi. Hana kengele, hana kiboko, wala hana mtihani wa taifa. Kwa hiyo anayoyatenda huonyesha wazi kile ambacho mchezo unamtaka akitende, hata pale ambapo watengenezaji walikusudia jambo lingine kabisa.

Mchezo wenyewe

Mfululizo wa michezo uitwao The Elder Scrolls ulianza mwaka 1994, nao hutengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Hapa tutazungumzia mitatu kati yake: Morrowind wa mwaka 2002, Oblivion wa mwaka 2006, na Skyrim wa mwaka 2011. Katika kila mmoja, mchezaji huchukua nafasi ya mtu fulani katika nchi ya kubuni yenye wachawi, mazimwi na magofu ya miji ya kale. Huanza akiwa mfungwa, kisha hupata uhuru wake, na tangu hapo nchi nzima huwa wazi mbele yake. Kuna kisa kikuu cha kufuata, lakini hakuna anayemlazimisha kukifuata. Akipenda, ataacha vita na kwenda kuchuma majani ya dawa mlimani.

Jambo moja katika michezo hii lamhusu sana mwalimu. Mchezaji hupata ustadi kwa kuutumia. Atumiaye upanga huzidi kuwa hodari wa upanga, na anyataye gizani huzidi kuwa hodari wa kunyata. Kanuni hii yafanana na ile tunayoihubiri vyuoni, kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Sasa na tuone kanuni hiyo ilizaa nini.

Funzo la kwanza: njia isiyo na mshale

Katika Morrowind, mchezaji hushuka melini katika kijiji kidogo cha bandari kiitwacho Seyda Neen, naye huagizwa kwenda mji wa Balmora. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni kuleta kisanduku kidogo kutoka magofu ya Arkngthand. Ramani yake haina alama ya kumwonyesha mahali hapo. Anachopewa ni maneno: atoke mjini, aipite ngome, avuke daraja la kale, kisha atafute mpini ulio kwenye bomba, kwa kuwa mpini huo ndio ufunguao mlango. Maneno hayo huandikwa katika daftari lake la safari. Yampasa ayasome, aitazame nchi, ayalinganishe, na akipotea arudi kuyasoma tena.

Wengi waliocheza wakati huo husimulia hadi leo jinsi walivyokosea bonde, wakaangukia pango ambalo hawakulitafuta, na jinsi walivyozijua barabara za kisiwa kile kama mtu azijuavyo njia za kijiji chake. Tusisahau upande wa pili pia. Daftari lile mwanzoni lilipanga habari kwa tarehe tu, hata maagizo ya siku nyingi nyuma yakawa magumu kuyapata. Nyongeza iitwayo Tribunal, iliyotoka mwaka huohuo wa 2002, ndiyo iliyowezesha habari kupangwa kwa kazi. Aidha, maelekezo mengine hayakuwa wazi, na wako waliopotea mpaka wakauacha mchezo.

Katika Oblivion watengenezaji waliweka dira yenye alama ya kuelekeza, na Skyrim nao ukafuata desturi hiyo. Mchezaji huifuata alama tu, naye hufika. Kwa mtu mwenye saa moja ya kucheza baada ya kazi, huu ulikuwa msaada wa kweli. Lakini baada ya muda wachezaji wengi waligundua kwamba macho yao yalikaa kwenye dira na si kwenye nchi. Walifika, ila hawakuweza kueleza walipitia wapi. Na wale waliojaribu kucheza Skyrim bila alama hiyo waliona jambo lingine: mara nyingi watu waliomo mchezoni hawakuwapa maelezo ya kutosha kuifikia sehemu inayotafutwa. Mshale ulipoingia, maneno yalipungua, kwa kuwa hayakuhitajika tena.

Madarasa yetu yana mishale ya namna hii. Mwalimu husimama na kuuliza, "Mji mkuu wa Tanzania ni Do...?" Darasa zima huitikia, "...doma!" Mwalimu hufurahi, naye huandika katika tathmini yake kwamba somo limeeleweka. Lakini watoto wametenda nini? Wamemalizia neno. Katika somo la ufahamu vilevile, mwalimu husema, "Jibu la swali la tatu limo katika aya ya pili." Mtoto hutafuta katika aya hiyo sentensi yenye neno lililomo katika swali, huinakili, na hupata alama ya vema. Amejifunza kulinganisha sura za maneno. Kusoma kwa kuelewa hakujaguswa.

Funzo la pili: majambia ya chuma

Katika Skyrim mchezaji aweza kujifunza uhunzi. Mchezo ulipotoka mwaka 2011, kila kifaa kilichofuliwa kiliongeza ustadi wa mhunzi bila kujali thamani yake. Wachezaji hawakukawia kugundua kwamba jambia la chuma huhitaji kipande kimoja tu cha chuma na ukanda mmoja wa ngozi. Basi walisimama mbele ya tanuri wakafua majambia kwa mamia, ambayo hawakuyahitaji wala kuyatumia, mpaka wakafikia kiwango cha kufua deraya bora kuliko zote. Katika Morrowind na Oblivion kabla yake, ambako kuruka kulihesabiwa kuwa ustadi, wako waliokwenda safari nzima wakirukaruka kama panzi ili hesabu ipande.

Wachezaji hawa si wajinga. Walisoma kwa makini kile kilichokuwa kikihesabiwa, wakakitenda. Mtoto aliyeamriwa kuandika "Nitafika shuleni mapema" mara 50 hufanya vivyo hivyo. Huandika "Nitafika" kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kisha "shuleni" kutoka juu hadi chini, kisha "mapema." Ukurasa umejaa, mwalimu ametia saini, lakini sentensi haijaandikwa hata mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu 20 za kutoa zilizo sawa kwa umbo. Baada ya hesabu ya nne mtoto hafikiri tena kuhusu kutoa; anafua majambia.

Watengenezaji wa Skyrim hawakuwalaumu wachezaji. Mwaka 2012 walibadili kanuni, na thamani ya kifaa ikaanza kuhesabiwa katika kukuza ustadi wa mhunzi. Hapa pana mfano mwema kwa mwalimu. Watoto wakifanya kazi kwa hila, tusianze na adhabu. Na tutazame kwanza tunahesabu nini. Mwalimu akitoa hesabu sita badala ya 20, na katika hizo moja ikawa imekosewa makusudi ili mtoto aonyeshe kosa na kulieleza, hila itakosa pa kushika.

Funzo la tatu: wachezaji waliokataa kulala

Funzo hili ndilo zito kuliko yote. Katika Oblivion, mchezaji aliyetimiza masharti ya kupanda daraja hupanda pale tu alalapo kitandani. Lakini apandapo yeye, maadui nao hupanda. Wanyang'anyi wa barabarani, ambao mwanzoni huvaa mavazi duni, baadaye hutokea wamevaa deraya za kioo, ambazo katika nchi ile ni mali ya thamani kubwa, na bado humsimamisha msafiri wakimdai sarafu 100. Mchezaji aliyetarajia kwamba jasho lake lingemfanya awe na nguvu kuliko jana, aliona kwamba dunia nzima imepanda pamoja naye. Tena, aliyekuwa amekuza stadi zisizo za vita alijikuta dhaifu kuliko alivyoanza.

Wachezaji walifanya nini? Wengine waliweka karatasi kando ya kompyuta na kuhesabu kila ustadi kabla ya kupanda daraja. Wengine walikataa kabisa kulala. Walitembea mchezo mzima bila kugusa kitanda ili wabaki katika daraja la kwanza, kwa kuwa waliona kukua hakuna faida. Na tulitafakari jambo hili kwa makini: mchezo uliokusudia kumfurahisha mtu kwa kukua ulimfundisha kukataa kukua.

Je, sisi hatufanyi hivyo? Mtoto wa Darasa la Nne amalizaye hesabu zake kumi mapema huambiwa, "Vizuri sana, haya, chukua nyingine kumi." Mwenzake aliye polepole haongezewi kitu. Baada ya majuma machache mtoto yule hodari huanza kuchonga penseli, kutazama dirishani, na kumaliza pamoja na wenzake. Mwalimu huandika kwamba bidii yake imeshuka. Kwa kweli haijashuka. Mtoto amekataa kulala.

Katika Skyrim watengenezaji waliyawekea maeneo mengi mipaka ya ugumu, ya chini na ya juu. Mchezaji mgeni akimchokoza jitu lililindalo mifugo yake nyikani, hupigwa rungu moja akarushwa juu angani. Akirudi baada ya siku nyingi na kulishinda jitu lilelile, hupata kipimo cha kukua kwake ambacho hakuna alama ya mwalimu iwezayo kukipita. Darasani nako mtoto ahitaji majitu yasiyobadilika. Mpe mwezi wa kwanza kifungu kinachomshinda kusoma, kitunze, kisha mrudishie kilekile mwezi wa sita ajionee mwenyewe.

Tufanyeje?

Tusielewe vibaya kwamba mwalimu mwema ni yule asiyesaidia. Mtoto aliyeachwa apotee mpaka akakata tamaa hajifunzi njia. Hujifunza kwamba njia si yake. Suala ni kuutoa mshale kidogo kidogo. Na tuchukue somo la ramani katika Darasa la Tatu. Siku ya kwanza mwalimu hutembea na watoto kutoka darasani hadi kisimani, akitaja kila alama ya njiani. Siku ya pili huwapa mchoro wenye alama zote. Siku ya tatu huwapa maneno peke yake. Siku ya nne kila mtoto huficha kitu uwanjani na kumwandikia mwenzake maelekezo ya kukipata. Hapo mwalimu hana haja ya kutia alama ya vema wala ya kosa. Mwenzake akikipata kitu, maelekezo ni mazuri. Asipokipata, wawili hao watakaa chini kuyasoma upya, na neno "kushoto" litapata uzito ambao ubao haukuweza kulipa.

Kwa hiyo, chini ya madhumuni ya kila somo, twamshauri mwanachuo aandike na kujibu maswali mawili. La kwanza: mtoto atatenda nini hasa ili apate jibu? La pili: je, aweza kulipata jibu hilo bila kutenda ninalotaka ajifunze? Ikiwa jibu la swali la pili ni "ndiyo," basi darasa litaipata njia hiyo ya mkato upesi kuliko mwalimu adhanivyo, na somo halina budi kuandaliwa upya. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu amletaye mtoto kila cha mvunguni mkononi humzoeza kusimama wima.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chukua andalio moja la somo ulilofundisha katika mazoezi ya kufundisha. Orodhesha yale ambayo watoto waliyatenda kweli, kisha yalinganishe na madhumuni uliyoandika.

2. Msikilize mwenzako akifundisha kipindi kimoja. Hesabu maswali yaliyokuwa na jibu ndani yake au yaliyotaka kumaliziwa neno tu. Jadilianeni jinsi ya kuyaandika upya matatu kati yake.

3. Tunga kazi ya ziada kwa mtoto anayemaliza mapema ambayo haitakuwa wingi wa kazi ileile. Eleza kwa nini mtoto ataiona kuwa faida kwake.

4. "Ni afadhali mtoto apotee kidogo kuliko kufika bila kujua alikopita." Jadili kauli hii, ukionyesha ni wakati gani mwalimu hana budi kumrudishia mtoto mshale.