Unauza CDI mtandaoni? Uliza injini kwanza, pikipiki baadaye

Kama unauza spea za pikipiki kwa WhatsApp au Instagram, hii meseji unaijua: "Boss, CDI ya Honda CG 125 bei gani?" Unataja bei, anatuma hela, unapeleka kifurushi stendi. Kesho yake simu inaita: "Boss, umeniuzia CDI mbovu."

Mimi yalinikuta na mteja wa Morogoro. Nikamtumia CDI, pikipiki haikuwaka. Nikamtumia ya pili kwa gharama yangu, nayo kimya. Faida niliyoitegemea ilikuwa 6,000, nauli za vifurushi peke yake zikala 10,000. Na yeye ni dereva wa boda, siku nne hajabeba abiria. Hapo hata ukijibu kwa upole, mteja haelewi.

CDI zote mbili zilikuwa nzima. Shida ni kwamba sikuuliza injini iliyomo ndani ya hiyo Honda ni ipi. Kumbe fremu ni ya CG 125 ya zamani, zile za platini na betri ya volti 6. Injini yake ilishachoka, akanunua injini ya Kichina iliyotumika, sisi 150, ikiwa tupu bila waya wala CDI, fundi akaifunga. Kwenye boliti ilikubali vizuri tu. Kwenye umeme ndiyo ikagoma. Pikipiki aliyonitajia, kwa toleo lake lile, haikutoka kiwandani na CDI kabisa! Mimi nikatafuta CDI kwa jina lililoandikwa kwenye tenki.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopigwa. CDI za boda ziko za aina mbili kubwa. Ya AC inapata umeme wake kwenye koili maalumu iliyo chini ya sumaku ya injini, umeme unaozidi volti 100 injini inapozunguka. Haihitaji betri. Ndiyo maana kuna boda zinatembea mwaka mzima na betri imekufa. Ya DC inakula volti 12 za betri, halafu yenyewe ndani inaupandisha huo umeme. Kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha, hata idadi ya pini ikawa sawa.

Ukimpa mwenye injini ya DC hiyo CDI ya AC, cheche haitoki, kwa sababu volti 12 ni ndogo mno kwake. Ndicho nilichofanya mimi, tena mara mbili. Ukikosea upande wa pili ni hasara zaidi: fundi akiunga waya wa ile koili ya volti 100 na kitu kwenye CDI ya DC, anaiunguza. Halafu inarudi kwako na harufu yake, eti mbovu.

Utajuaje injini ni ya aina gani wakati uko Kariakoo na mteja yuko Mikumi? Picha. Mwambie fundi wake afungue kava la sumaku apige picha ya koili za ndani. Koili za chaji na taa zina waya mnene unaoonekana. Kama ipo moja au mbili zilizofungwa kwa tepu au plastiki, zina waya mwembamba kama uzi, hiyo injini ina koili ya CDI ya AC. Kama zote ni za waya mnene na zinafanana, usimtumie ya AC, hakuna kitu cha kuilisha. Mwenye mita apime: ile koili nyembamba kwa kawaida husoma mamia ya omu, wakati za chaji zinasoma kidogo sana.

Yule wa Morogoro alipotuma picha, zote zilikuwa za waya mnene. Kwa hiyo alihitaji CDI ya DC. Lakini ngoja, betri yake ni volti 6! Ilibidi ahamie volti 12 nzima: betri, rekitifaya, balbu zote, honi, na kidude cha indiketa. Angelijua hilo siku ya kwanza angepanga bajeti yake, na mimi ningemuuzia seti moja kwa safari moja. Badala yake aliyauza mauzo hayo jirani yangu, maana kwangu alishachoka.

Koili ya plagi nayo isikupite. Mteja wa fremu ya platini atakuambia, "Koili ninayo, ya zamani, nipe CDI tu." Usikubali haraka. Koili ya platini ya volti 12 husoma kama omu 3 hadi 5 upande wa waya mdogo, ya CDI huwa chini ya omu 1. Ukizichanganya, cheche inakuwa dhaifu au kuna kitu kinaungua.

Halafu sumaku, pulsa na CDI ni familia moja. Pulsa inasoma kile kinundu kwenye sumaku, na CDI inahesabu wakati wa kupiga cheche kwa kinundu hicho. Mafundi wakichanganya sumaku ya injini hii na CDI ya ile, pikipiki inaweza kuwaka kabisa, mteja akakutumia hata video ya furaha. Wiki moja baadaye analalamika kiki inarudisha mguu, injini inachemka, mlima haupandi. Kwa mteja aliyebadilisha injini, uza vitu vya familia moja au usiuze. Na kama injini ni ya zile mpya za mfumo wa sindano, sumaku yake ina meno mengi na cheche inaongozwa na kompyuta. CDI ya kawaida haifai hapo, mwambie ukweli mapema.

Kuhusu rangi za waya, mafundi wanazipenda mno. "Mweusi na mweupe kwa mweusi na mweupe, unga." Kwenye mashine moja waya huo ni wa kuzima, unazima kwa kugusa bodi. Kwenye nyingine rangi hiyohiyo inabeba volti 12 kutoka kwenye swichi. Ukituma CDI, tuma na mchoro wa pini. Inachukua dakika mbili kuupiga picha.

Najua wengi mnaandika "vifaa vya umeme havirudishwi". Sawa, hata mimi naandika. Lakini sentensi hiyo ina haki tu kama uliuliza kabla ya kupokea hela. Hii ndiyo ninayotuma siku hizi, inakili kama ilivyo:

"Asante boss. Kabla hujalipia nisaidie: injini ni ile iliyokuja na pikipiki au ilibadilishwa? Kama ilibadilishwa, nitumie picha ya namba ya injini, picha ya koili chini ya sumaku, na picha ya soketi ya CDI upande wa pini. Betri ni volti ngapi, na ni nzima? Ukinitumia hivyo na nikakosea mimi, nauli ya kurudisha ni yangu."

Na kwenye tangazo lako, badala ya "CDI ya CG 125 ipo", andika "CDI ya AC, pini 5, ya injini za aina ya CG zenye koili ya CDI chini ya sumaku". Ni ndefu, ndiyo. Wanaouliza watapungua kidogo, vifurushi vya kurudi vitapungua zaidi.