Mazoezi ya Januari hayafiki Februari, nifanyeje?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Tabata na nauza vitenge Kariakoo. Nina kilo 86, na nilipopima presha Novemba ilisoma 138 kwa 88. Kila mwaka mpya naweka nia: kukimbia kila alfajiri, kuacha sukari, kuacha wali wa usiku, kuacha soda. Wiki ya kwanza najitahidi, ya pili nalegea, ya tatu nimerudi kulekule. Mume wangu anasema sina msimamo. Ni kweli, au kuna ninapokosea?

JIBU: Mume wako msalimie sana, ila kwa hili simuungi mkono. Mtu anayefungua duka Kariakoo kila siku huku analea watoto watatu, msimamo anao. Tatizo ninaloliona kwenye barua yako ni mzigo uliojitwika: mambo manne kwa mpigo, yote kuanzia tarehe mosi, na matatu kati yake ni ya kujinyima. Tena Januari yenyewe, mwezi wa ada, sare na madaftari.

Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu zaidi ya 1,000 walioweka malengo ya mwaka mpya, wakachapisha matokeo 2020. Kwa maelezo ya wahusika wenyewe, waliolenga kuanza jambo fulani walifanikiwa kama 59 kati ya 100. Waliolenga kuepuka jambo, 47. Kwa hiyo badala ya kuapa kwamba soda huigusi tena, panga kwamba chakula cha mchana dukani unakula na maji, na chupa ya maji iwe pale chini ya meza tangu asubuhi.

Kisha chagua jambo moja la kuanzia. Ningekuchagulia kutembea, na huko kukimbia tukuweke pembeni kwanza. Kwa uzito ulio nao, baada ya miezi ya kukaa kwenye kigoda, magoti yatakugomea kabla nia haijachoka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kunatosha kabisa: uwe na uwezo wa kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi zikatike.

Na kwa nini alfajiri? Shule zikifunguliwa, alfajiri yako ni ya chai, viatu vilivyopotea na mtoto ambaye hajamaliza kazi za shule. Huo muda si wako. Wako ni ule wa kufunga duka. Ukishateremsha mlango, usipandie daladala Kariakoo. Tembea hadi Ilala Boma ukapandie huko. Jua limepungua, na nusu saa imepatikana. Siku ukichelewa hadi giza likaingia, panda gari kama kawaida, usalama kwanza, utembee mtaani kwenu na binti yako au jirani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani ameonyesha kwamba anayeamua mapema atafanya nini, saa ngapi na wapi hutimiza zaidi kuliko anayebaki na nia tu. "Nikifunga duka, natembea" ni mpango. "Mwaka huu nitafanya mazoezi" ni dua.

Sasa hiyo wiki ya tatu unayojihukumu nayo. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Mtu wa katikati kwenye kundi alichukua siku 66 hadi jambo likawa linajiendesha lenyewe. Kulikuwa na wa siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa hadi 254. Jambo lililonifurahisha mimi ni jingine: kukosa siku moja hakukuharibu chochote. Kinachoangusha watu ni ile kusema "basi, nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Umekosa leo kwa sababu ya mvua au msiba? Kesho endelea, bila kujitoza faini ya kutembea mara mbili.

Chakula tukiguse kidogo tu. Wali wa usiku usiuache, maana utajikuta unapika vyungu viwili na kuchoka na yote. Punguza wali kwenye sahani yako, ongeza mchicha na maharage. Sukari ya chai ishushe nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Soda ndiyo ya kuiogopa: chupa ya mililita 350 hubeba gramu 35 hivi za sukari, wakati kwa mtu mzima inashauriwa zisizidi 50 kwa siku nzima, na ni bora zaidi zikiwa chini ya 25.

Ila soda ina mtihani wake, nao ni watu. Ukienda kumwona wifi, inafunguliwa kabla hujaketi, na kuikataa ni kama kukataa ukaribisho. Usihubiri afya pale sebuleni. Sema, "Wifi, kiu hii ni ya maji", kisha ule chakula chake kwa moyo mmoja. Mtihani wa pili utakuja ukipungua kilo chache. Mjini hapa mwanamke akipungua anaulizwa kama anaumwa, au kama nyumbani kuna amani. Nimewaona wagonjwa wanaoacha mazoezi yaliyoanza kuwasaidia kwa sababu ya maswali hayo tu. Mweleze mume wako mapema unachofanya na kwa nini, ili watu wakianza kuuliza, awe wa kwanza kukujibia. Hiyo itasaidia kuliko kukukagua msimamo.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni achana nazo. Nyingi zina dawa ya kuharisha. Unapoteza maji, mafuta yanabaki.

Wala usilenge umbo la msichana wa miaka 20. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulihusu watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwako, asilimia 7 ni kilo 6.

Presha yako iko jirani na 140 kwa 90, kiwango tunachoanza kukiita ugonjwa, na kipimo kimoja cha Novemba hakitoshi. Pima tena wiki hii, umekaa na kutulia dakika tano, na urudie siku nyingine. Pima na sukari pia. Presha ikifika 140 kwa 90 mara mbili, muone daktari. Na ukihisi kifua kubana au kizunguzungu unapotembea, simama, uende hospitali siku hiyohiyo.